Programu iliyomfuta bibi wa watu usoni

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Nina kistudio Mbagala: pasipoti, send-off, fremu za sebuleni. Zamani nyuso nilizisafisha kwa mkono, chunusi moja moja, mpaka kijana mmoja akanionyesha hii programu ya simu. Unafungua picha, unabonyeza kitufe cha kulainisha ngozi, kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Msimbazi mmoja, yaani elfu kumi, na chenji kwa mwezi. Nikalipa.

Kwa maharusi haina mpinzani, nisiwe mnafiki. Jasho la ukumbini, chunusi zilizochagua wiki ya harusi, alama za miwani puani, vyote kwaheri, na wateja wanachekelea. Basi tuseme nyota mbili.

Halafu akaja mzee mmoja, mtu wa Newala. Kaleta picha ya mama yake, kaipiga mwenyewe kwa simu: bibi kaketi barazani, jua la jioni limempiga shavu moja. Bibi wa Kimakonde wa enzi zile, mwenye nembo. Mashavu na paji la uso vimechanjwa mistari ya kupinda na kukunjuka, kazi ya fundi hasa. "Itengeneze vizuri mwanangu, iwe safi. Naitundika sebuleni." Siku hiyo foleni ilikuwa mpaka nje. Nikabonyeza kitufe, nikaituma ikachapishwe, nikarudi kwa watu wa pasipoti. Kosa langu hilo, nalikubali. Sikuiangalia.

Alipokuja kuichukua aliikodolea macho muda mrefu, nikadhani imempendeza.

"Huyu nani?"

Ndipo na mimi nikaitazama. Nembo hakuna, hata mstari mmoja. Mashavu kama puto, makunyanzi yamepigwa pasi. Na rangi! Bibi mweusi wa kung'aa kawa chai ya maziwa. Mimi rangi sikuigusa. Kumbe kulainisha na kung'arisha vimefungwa kamba moja, ukivuta kimoja kingine kinafuata, na kung'arisha kwao ni kumpaka mtu mkorogo bila ruhusa yake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye nilikaa nikaichunguza. Inachofanya ni kutafuta kila mahali ngozi inapobadilika ghafla, kivuli kidogo au doa kidogo, halafu inasambaza rangi ya jirani juu yake. Macho na midomo imefundishwa kuviacha. Nembo haijafundishwa, kwake yeye ni chunusi nyingi zilizojipanga mstari. Nikawaandikia wenyewe. Jibu lao: asante kwa kutuchagua, jaribu kupunguza kiwango. Nikapunguza hadi 20. Nembo zikarudi nusunusu, kama maandishi ya chaki yaliyofutwa kwa kiganja, na weupe haukubanduka. Hiyo nyota ya pili nairudisha mfukoni.

Nikaitoa kompyuta ya zamani chini ya kaunta, nikafungua GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure na nilishaidharau. Unanakili leya kwanza, yaani tabaka la picha, ili ya asili ibaki salama, unachukua zana ya kuponya, unashika Ctrl na kubonyeza ngozi nzuri iliyo karibu, kisha unagusa doa lenyewe, brashi iwe kubwa kulipita doa kidogo tu. Kwa bibi yule kulikuwa na madoa gani? Vumbi la lenzi mawili matatu, na mng'ao wa jasho puani. Basi! Saa nzima nimekaa nikisafisha vitu ambavyo havikuwa vya bibi, na usoni kwake sikupunguza kitu. Nikachapisha upya kwa pesa yangu.

Mzee akaishika kwa mikono miwili. "Ehee. Huyu sasa ndiye." Nikamwamkia tena shikamoo kwa aibu, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akaniomba na ile iliyoharibika, awapelekee wadogo zake wacheke. Nilikataa, akanishinda, akaondoka nayo. Kwa hiyo mahali fulani Newala kuna watu wanacheka kazi ya studio yangu, na jina la studio liko nyuma ya picha, nimeligonga muhuri mwenyewe.

Nyota moja, basi, narudi pale pale. Ila Jumamosi nina harusi mbili, na hiyo programu sijaifuta kwenye simu.