Ule wapi melini? Mikahawa ya meli za Karibi, kuanzia ya kwanza kuchagua hadi ya kuacha

Ukinunua safari ya siku 7 kutoka Miami au Fort Lauderdale kwenda visiwa vya Karibi, chakula kimeshaingia ndani ya nauli. Lakini hata wiki haipiti baada ya kulipa, barua pepe zinaanza kumiminika: ongeza kifurushi cha mikahawa, ongeza kifurushi cha vinywaji, punguzo linakwisha kesho usiku. Msimamo wetu ni kwamba familia hula vizuri wiki nzima bila kuongeza senti, na ikitaka kujitanua, inunue mlo mmoja wa mchana mahali pazuri, si kifurushi.

Mifano mingi hapa ni ya Royal Caribbean na Carnival, kampuni mbili kubwa za njia hiyo. Bei hupanda na kushuka kulingana na meli na tarehe, kwa hiyo hesabu zetu zichukue kama kanuni, kisha weka namba unazoziona kwenye safari yako.

1. Ukumbi mkuu wa chakula, usiku

Huu ndio mkahawa wa vitambaa mezani, na menyu yake hubadilika kila usiku. Unachagua kianzio, mlo wenyewe na kitindamlo. Wageni wengi hawajui kwamba hakuna anayekuzuia kuagiza vianzio viwili, au milo miwili ukashindwa kuamua kati ya samaki na nyama. Carnival hutoza dola 5 kuanzia mlo mkuu wa tatu wa mtu mmoja. Miwili ya kwanza haina malipo. Kwenye safari ya siku 7 kwa kawaida upo usiku mmoja wa kamba-kochi, mara nyingi ule wa pili wa kuvaa rasmi. Mkia wa kwanza umo kwenye nauli. Royal Caribbean hutoza wa pili, kwa hiyo muulize mhudumu kabla hujasema "niongezee".

Uamuzi wa maana ni saa ya kula, nao unafanywa wakati wa kununua safari. Zamu ya kwanza huanza saa 11 au 11 na nusu jioni, ya pili saa 1 na nusu au saa 2 usiku, na kuna mpango wa tatu wa kuja wakati wowote. Wenye watoto wadogo hukimbilia zamu ya kwanza bila kuangalia ratiba ya bandari. Matokeo yake unarudi kutoka Cozumel saa 10 na nusu, mchanga bado uko vidoleni, lifti zimejaa, na kabla ya saa moja kupita unatakiwa uwe mezani umeoga. Ikiwa safari ina bandari tatu au zaidi, chukua mpango huru. Kwa Carnival, mpango huo unakuruhusu kuomba meza kwenye programu ya simu ukiwa bado kabini, kisha ujumbe unakuja meza ikiwa tayari. Anayesimama foleni mlangoni saa 12 na nusu jioni hajaijua programu hiyo.

Zamu ya kudumu nayo ina faida yake: mhudumu ni yule yule kila usiku, na kufikia usiku wa tatu ameshajua nani hali maziwa na nani anataka pilipili. Mwenye mzio wa karanga au samaki wa gamba achague zamu ya kudumu bila kusita. Msimamizi wa wahudumu humletea menyu ya kesho leo usiku, anachagua, na jikoni wanamwandalia chakula chake pembeni. Kwenye mpango huru huenda ukajieleza upya kila siku kwa mtu mpya, na hapo ndipo makosa hutokea.

Kwa anayekumbuka chakula cha nyumbani: menyu ya Carnival ina mlo wa Kihindi wa mboga, na kwenye meli za Royal Caribbean utakuta mchuzi wa viungo na wali mara kwa mara kwenye bafe. Wapishi wengi wa melini wanatoka India. Mwombe msimamizi usiku wa leo akuwekee dengu na mkate wa naan kesho. Ombi la papo kwa papo mara nyingi hugonga mwamba, la siku moja kabla hukubaliwa. Ugali usiutarajie.

Kuhusu halali, kabla hatujaendelea

Nyama ya kawaida kwenye meli za Karibi usiichukulie kuwa ni halali mpaka uambiwe hivyo. Omba kwa maandishi kupitia idara ya mahitaji maalumu ya kampuni, miezi 3 kabla ya safari ikiwezekana, kisha uthibitishe tena kwa msimamizi siku ya kupanda. Usipopata jibu la kuridhisha, samaki na mboga vipo kila usiku, ila uliza mambo mawili: je, mchuzi umewekwa mvinyo, na kitindamlo kina jelatini ya nini? Krimu zilizogandishwa na keki za tabaka ndizo zinazoponyoka watu wengi. Walioko Muscat au Dubai wanaotaka kuepuka usumbufu huu waangalie kwanza safari za majira ya baridi zinazoanzia bandari za Ghuba, ambako maswali haya ni ya kila siku.

2. Vibanda vya bure karibu na bwawa na katikati ya meli

Hapa ndipo penye faida iliyojificha. Carnival ina Guy's Burger Joint, baga za kuchomwa pale pale, na BlueIguana Cantina ya tako na burito. Vyote viwili havitozwi. Meli kubwa za Royal Caribbean za daraja la Oasis zina Park Café, na kitu cha kuagiza pale ni kimoja: sandwichi ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, mkate wake umenyunyiziwa chumvi ya mawe na mbegu za karawei juu. Iombe na mchuzi wake pembeni. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, ina AquaDome Market, vibanda vitano vya vyakula tofauti chini ya kuba moja, navyo vimo kwenye nauli.

Kabla ya kununua safari, fungua orodha ya mikahawa ya meli *hiyo hiyo*, si ya kampuni. Meli za zamani za kampuni ile ile hukosa nusu ya vibanda hivi, na tofauti ya nauli ya dola 80 inaweza kuliwa yote kwenye mikahawa ya kulipia kwa sababu tu bafe imekuchosha.

Siku ya kupanda, watu karibu wote wanaelekezwa bafe wakiwa na mizigo ya mkononi. Wewe usiwafuate. Nenda kibanda kimojawapo, au uliza kama ukumbi mkuu umefunguliwa mchana huo. Kwenye baadhi ya meli hufunguliwa na wengi hawajui.

3. Bafe

Asubuhi ni nzuri, mchana inafaa, usiku ni ya kuokoa jahazi. Chakula cha bafe hakiharibiwi na mpishi. Kinaharibiwa na dakika. Kanuni za afya za Marekani zinataka cha moto kikae nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi na cha baridi kisizidi 5, na kwenye joto hilo la sinia, samaki hukauka na tambi hulainika hadi kuwa uji. Fika nusu saa ya kwanza baada ya kufunguliwa, au simama panapopikwa mbele yako: meza ya kukaangiwa mayai, nyama inayokatwa kwa kisu, tambi za kukaangwa papo hapo. Mayai ya kuvuruga yaliyoko kwenye sinia kubwa mara nyingi hutoka kwenye mayai ya maji ya pakiti. Foleni ya kukaangiwa mayai ni ya dakika tano, ipange.

Jambo la pili ni koleo. Mkono mmoja mchafu hushika kijiko kinachoshikwa na mamia, na virusi vya noro, vile vya kutapisha na kuharisha, havihitaji zaidi ya hapo. Dawa ya kupaka mikono yenye spiriti haiviui vizuri. Sabuni na maji ndiyo dawa, na ndiyo maana meli mpya zimeweka sinki mlangoni mwa bafe. Nawa kabla ya kuchukua sahani, chukua chakula, kisha safisha mikono tena kabla ya kula kwa vidole.

Mnunuzi mwangalifu atafute pia alama za ukaguzi. Mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hupanda melini bila kutangaza, hutoa alama kati ya 100, na alama 85 kushuka chini ni kufeli. Matokeo yako wazi kwa jina la kila meli.

4. Mkahawa wa steki, mchana wa siku ya bahari

Hapa ndipo tunapokuambia utoe pesa. Kwenye meli nyingi za Royal Caribbean, Chops Grille na Giovanni's hufunguliwa mchana siku ambazo meli haina bandari, na bei ya mchana kwa kawaida haifiki nusu ya bei ya usiku. Jikoni ni lile lile na wahudumu ni wale wale, ila menyu ni fupi kidogo. Wakati bafe imejaa hadi watu wanazunguka na sahani wakitafuta kiti, wewe umekaa dirishani.

Weka nafasi kupitia tovuti kabla ya safari. Bei za mtandaoni huwa chini kuliko za melini. Ukibadili nia, futa mapema. Royal Caribbean hutaka saa 24, la sivyo unalipa ada kwa kila kiti. Soma pia mstari mdogo chini: bei iliyoandikwa mara nyingi haijaingiza malipo ya huduma, asilimia 18 hadi 20.

5. Kifurushi cha mikahawa isiyo na kikomo

Piga hesabu. Tuchukulie kifurushi cha siku 7 ni dola 260. Ongeza asilimia 18, unapata 306.80. Chakula cha usiku cha dola 60 pamoja na asilimia 18 ni 70.80. Gawanya: inabidi ule usiku 5 kati ya 7 ndipo pesa irudi, na hapo huenda umepoteza kamba-kochi wa bure. Kuna mtego mwingine. Kifurushi hakikupi saa unazotaka. Nafasi nyingi unaziweka baada ya kupanda, na waliotangulia wameshachukua saa 1 usiku. Utabakiziwa saa 11 jioni au saa 3 na nusu.

Kinafaa kwa watu wawili wasio na watoto, kwenye safari yenye siku tatu za bahari, kwa kuwa mchana wa siku hizo umo. Wengine wote, lipieni mlo mmoja mmoja.

6. Chakula cha kuletewa kabini

Staftahi ya mkate, matunda na kahawa bado ni bure kwa kampuni zote mbili. Asubuhi ya kushuka bandarini mapema, hiyo inatosha. Saa nyingine Royal Caribbean hutoza ada ya kila agizo na Carnival hutoza kila sahani. Chipsi zikifika zimepoa usimlaumu mletaji. Ametoka nazo deki sita chini.

Vinywaji: hapa ndipo bili inapovimba

Maji, chai, kahawa ya kawaida na sharubati ya limau ni bure. Kifurushi cha pombe cha dola 85 kwa siku, pamoja na asilimia 18, ni dola 100.30, kwa siku 7 ni 702.10. Kokteli ya dola 14 ikiongezwa huduma ni 16.52, kwa hiyo ni kokteli 7 kila siku ndipo pesa irudi, pamoja na siku unazoshinda bandarini hadi jioni. Kwa bia ya dola 8.50, ni bia 10. Na mtu mzima mmoja kabini akinunua, kampuni zote mbili humtaka na mwenzake anunue, hata kama mwenzake hanywi. Wanandoa ambao mmoja hanywi waache kabisa. Carnival pia imeweka kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24.

Cha soda kinahitaji hesabu ile ile: kikiwa dola 13 kwa siku na kopo dola 3.50, ni makopo 4 kila siku ndipo kilipe. Carnival inakuruhusu kupanda na makopo 12 ya soda kwa mtu, kwenye mzigo wa mkononi. Beba hayo, na chupa yako ya pilipili ya dukani ambayo haijafunguliwa. Chakula kilichopikwa nyumbani, hata sambusa za safari, kitabaki langoni.

Asubuhi ya mwisho bafe hufungwa mapema, mara nyingi kabla ya saa 3. Ule mle mle. Tufaha ulilotia mfukoni kwa ajili ya mtoto litanuswa na mbwa wa forodha pale Miami, na faini yake inazidi mbali bei ya kapu zima la tufaha.