Behringer Model D: riviu ya shabiki wa Gary Numan, Nakuru

Watu wangu wa vinanda, hasa nyinyi mnaopiga kanisani na mmekuwa mkiniuliza ile sanduku nyeusi yenye mbao pembeni na nobu kibao ni ya nini, leo nimekaa chini niwaandikie vizuri. Inaitwa Behringer Model D, ni sinthesaiza ya analogi, yaani mashine inayotengeneza sauti kwa umeme wenyewe badala ya kompyuta, na nitasema mapema mahali nasimama: mimi ni shabiki wa Gary Numan, mwanamuziki wa Uingereza, tangu nikiwa primari, na hii kitu niliitaka kwa sababu yake. Kama humjui Numan hii riviu bado itakusaidia, lakini vumilia nimtaje mara nyingi.

Mjomba wangu alirudi kutoka masomoni Uingereza na kaseti za kutosha, na moja yao ilikuwa The Pleasure Principle, albamu ya 1979. Sasa elewa sisi tulilelewa na gita. Ukifungua redio ni Kamaru, ukipita kwa jirani Mjaluo ni D.O. Misiani na Shirati, muziki kwetu ni gita, alafu huyu kijana wa London anatoa albamu nzima haina gita hata moja, ni besi, ngoma, kinanda na viola kidogo, na inatetemesha ukuta kuliko bendi zote nilizokuwa najua. Ngoma alikuwa anapiga Cedric Sharpley, besi ni Paul Gardiner, na juu yao kuna huo mngurumo ambao nilikuwa namuuliza mjomba ni chombo gani na yeye anasema tu ni mashine. Nilikaa na hilo jibu miaka mingi sana.

Hiyo mashine ilikuwa Minimoog, sinthesaiza ya kampuni ya Moog ya Marekani. Na vile Numan alikutana nayo ndio sehemu napenda kuliko zote kwa hadithi yake: mwaka wa 1978 kundi lake Tubeway Army liliingia studio ya Spaceward huko Cambridge kurekodi nyimbo za punk, magita na kelele, akakuta Minimoog imeachwa hapo inangoja wenyewe waje kuichukua. Hakuwa amewahi kushika sinthesaiza. Ilikuwa imeachwa kwa sauti fulani nzito, akabonyeza noti moja na chumba chote kikanguruma, na hapo hapo zile nyimbo za punk zikaanza kugeuzwa. Mwaka uliofuata "Are 'Friends' Electric?" ilikaa namba moja Uingereza wiki 4, wimbo wa zaidi ya dakika 5 usio na kiitikio cha kuimba, alafu "Cars" nayo ikashika namba moja mwezi wa Septemba mwaka huo huo na 1980 ikafika namba 9 Marekani. Jamaa alikuwa na miaka 21.

Sasa Behringer Model D ni Minimoog hiyo imefinywa. Moog walitengeneza ile ya kwanza kuanzia 1970 hadi 1981, na Behringer (ndio, hao hao wa miksa iliyo kwa nusu ya makanisa ya Nakuru) wakaifuata saketi yake, wakaipunguza mpaka inabebwa kwa mfuko wa laptop. Ndani kuna osileta 3 za analogi (ndizo zinazozaa sauti), miksa ya kuzichanganya, filta ile ya Moog ya kuchuja sauti, na sehemu za kuamua sauti ipande na ishuke vipi. Zimepangwa vile vile kama za zamani, unasoma kutoka kushoto kwenda kulia: sauti inazaliwa, inachanganywa, inachujwa, inatoka. Mimi nilisubiri binti ya dada yangu anayeishi Uingereza alipokuwa anakuja nyumbani, akanibebea.

Ukiifungua usishtuke, haina vibonyezo vya kinanda. Haina spika pia. Unahitaji kibodi nyingine yenye MIDI (njia ya vinanda kupeana noti kwa waya) au USB ya kompyuta ndio uipige, waya wa gita wa kuingiza kwa ampu, na adapta yake ya volti 12 inakuja nayo kwa boksi. Mimi natumia kibodi ndogo ya oktavu 2 na inanitosha kabisa juu Model D inatoa noti moja tu kwa wakati, ukibonyeza tatu utasikia moja.

Hebu niwape mfano mmoja wa kujaribu, msinyamaze tu kwa kusoma. Chukua osileta ya kwanza, weka futi 16 (futi ni kimo cha sauti, namba kubwa ndiyo ya chini), umbo la wimbi la msumeno. Ya pili weka futi 8, msumeno pia. Ya tatu izime. Piga noti ya chini, itasikika safi lakini bado ni kavu. Sasa shika nobu ya kutuni ya osileta ya pili uisogeze kidogo tu, yaani kidogo sana, na usikilize: sauti mbili zinaanza kupishana, zinasukumana, unasikia kama wimbi linapita polepole ndani ya noti moja. Ongeza kusogeza na wimbi linaenda mbio, rudisha linapoa. Ukipata pale linapita polepole kwa raha zake, achia hapo. Alafu geukia filta, funga nobu ya cutoff, inayoamua filta ikate sauti za juu kiasi gani, mpaka sauti iwe kama ya mtu anaongea chini ya blanketi, na uifungue taratibu huku umeshikilia noti. Hiyo ndiyo. Hiyo ndiyo sauti nilikuwa nauliza mjomba. Nilipoipata mara ya kwanza nilibaki nimeshikilia hiyo noti mpaka mke wangu akaja kuangalia kama kuna kitu kimeharibika, nikamwambia njoo usikie hii, akakaa.

Jumamosi moja pasta aliniruhusu niiunganishe na spika kubwa za kanisa kabla ya mazoezi ya kwaya. Besi ya hii kitu kwa spika za inchi 15, mimi sina maneno, unaisikia kwa kifua kabla ya masikio. Kijana wetu wa kinanda, ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, alikuja akaizunguka akaniuliza, "Mzee, sasa sauti ziko wapi? Strings iko wapi, organ iko wapi?" Nikamwambia kijana wangu, hapa hakuna za kuchagua, unatengeneza mwenyewe. Alifikiri ni kasoro. Baada ya kuzungusha zungusha hizo nobu kwa muda hakutaka kuniachia kiti. Nilimchezea pia "Where's Your Head At" ya Basement Jaxx ya 2001, ambayo wengi wenu mliisikia kwa matatu bila kujua kwamba ule mngurumo wake umetolewa kwa wimbo wa Numan unaoitwa "M.E.", wimbo ambao anayeimba ni mashine ya mwisho iliyobaki duniani. Akaniangalia vingine.

Kuhusu stima, hili ni la muhimu kwetu. Model D haihifadhi sauti yoyote, haina memori. Lakini kwa sababu sauti iko kwa nobu zenyewe, stima ikipotea na ikirudi unakuta sauti yako iko pale pale ulipoiacha, hakuna kitu kimefutika. Shida ni mtoto akipita akaguse nobu mbili. Kwa hivyo piga picha kwa simu kila ukipata sauti nzuri, mimi simu yangu imejaa picha za nobu. Na asubuhi zenye baridi, mnajua baridi ya hapa Nakuru mwezi wa Julai, iwashe mapema iachwe ipate joto kabla hujaanza kutuni, la sivyo noti zinateleza ukiwa katikati ya wimbo. Hiyo ni tabia ya analogi, hata Minimoog za zamani ni hivyo hivyo.

Sasa mahali haifiki. Shabiki yeyote wa Numan atakwambia sauti yake ni nusu Minimoog na nusu Polymoog, sinthesaiza nyingine ya Moog. Zile sauti nyembamba za juu kwa "Cars", zinazoelea kama kwaya iliyo mbali, ni Polymoog, sauti yake iliyoitwa Vox Humana, na hiyo inapiga noti nyingi kwa pamoja. Model D moja haiwezi hiyo kazi. Kuna njia ya kuunganisha Model D kadhaa zipige pamoja, lakini hesabu ya pesa yake ni kali na sioni mtu wa kawaida akifanya. Mimi nachukua strings za Yamaha ya kanisa naziweka juu ya Model D, inakaribia, na mtu asiyejua atafurahi, ila mimi nasikia tofauti kila mara na inaniuma. Kama unataka Numan yote kwa chombo kimoja, hii siyo.

Bei: ilipotoka ilikuwa dola 299, hapo ongeza gharama ya kuileta. Moog wenyewe walipotoa tena Minimoog yao 2022 ilikuwa dola 4,999. Kwa hiyo tofauti siwezi kulalamika. Nobu ni ndogo na zimekaribiana, mtu wa vidole vinene atasumbuka, na jina la kila nobu limeandikwa kwa herufi ndogo sana, mimi nawasha taa ya mezani.

Nani anunue? Kama unapiga ibada kila Jumapili na unataka organ, piano na strings kwa kubonyeza, nunua kibodi ya kawaida, usijitese. Kama ni mtu wa besi, au unatengeneza biti na umechoka na sauti za kompyuta, au kama mimi ulisikia "Cars" ukiwa mdogo na bado unashangaa, inunue. Huyo jamaa bado anatoa kazi, albamu yake Savage ya 2017 ilifika namba 2 Uingereza na binti yake Persia anaimba ndani ya "My Name Is Ruin", na Intruder ya 2021 nayo ikafika namba 2. Miaka 40 na ushee baadaye! Wakati waandishi wa muziki wa huko walikuwa wanamcheka mpaka akasema anaaga pale Wembley mwaka wa 1981, sisi wengine tulikuwa na kaseti moja na tulijua.

Aliye Nakuru na anataka kuisikia kabla ya kutoa pesa, mimi niko Lanet na Jumamosi mchana huwa niko nayo. Uje na kibodi yako yenye MIDI na waya wa gita, wangu umeanza kukata.