Boxford kuukuu, mashine ya kuchonga vyuma: uzoefu wangu baada ya kuifufua

Je, inafaa kununua Boxford, mashine kuukuu inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga? Nianze na jibu, maana ndilo wengi mnalolitafuta: kwa kazi ndogondogo za karakana, Boxford ya zamani ikisafishwa vizuri inalipa, mradi kitanda chake (reli ndefu ambayo kisu hutelezea juu yake) hakijaliwa. Kitanda kikishaliwa, iache hata kama rangi inang'aa.

Yangu ni ya modeli inayoitwa BUD. Herufi B maana yake kisu kinajiendesha kwa urefu na kwa upana, ila hakuna gia boksi ya thredi, kwa hiyo gia unazipanga mwenyewe ubavuni. Mota imejificha kwenye kabati la chini. Mashine hizi zilitengenezwa Halifax, Uingereza, kwa kufuata umbo la South Bend ya Marekani ya inchi 9, na shule nyingi za Uingereza zilifundishia wanafunzi ufundi kwa hizo. Hii niliipata kwenye mnada wa vifaa vya chuo fulani, imejaa kutu na kinyesi cha popo, kwa bei inayokaribia ya chuma chakavu.

Wenzangu pale mnadani walikuwa wanazungusha chaki (kile kichwa chenye taya zinazoshika chuma) kwa mkono na kutingisha kichwa. Mimi nilishughulika na gari linalobeba kisu. Lisogeze karibu na chaki, kaza skrubu za kulibana mpaka liwe zito, kisha lisukume kuelekea mwisho wa pili. Likikwama njiani, ujue upande wa chaki umelika, kwa kuwa kazi nyingi hufanyika pale na chuma huisha pale. La kwangu liliongeza uzito kidogo lakini lilifika. Nikapitisha ukucha ukingoni mwa njia za kitanda, sikusikia ngazi. Hapo kutu haikunitisha tena.

Chini ya kutu kulikuwa na tope la oili kuukuu na unga wa chuma, gumu kama lami. Mafuta ya taa, brashi na kijiti cha mbao vilitosha. Kuhusu kitanda, naomba tuelewane: hakuna greinda, hakuna msasa. Jirani yangu, fundi mzuri wa kuchomelea, alikuja na greinda yake kunisaidia. Nilimpa chai nikamzuia mlangoni. Zile njia zilinyooshwa kiwandani kwa usahihi ambao mkono wenye msasa hauwezi kuurudisha. Nilitumia jiwe la kunolea lenye oili nyepesi, nikikata vinundu vilivyoinuka tu. Madoa meusi yamebaki, na hayana madhara yoyote.

Vipande vidogo vilivyoliwa na kutu niliviweka kwenye magadi. Ndiyo, magadi haya ya maharage. Ndoo ya plastiki, maji, magadi yaliyoyeyuka, na chaja ya betri ya gari. Waya hasi unashika kipande chenye kutu, waya chanya unashika chuma chakavu cha kawaida, na vyuma viwili hivyo visigusane. Povu likianza kupanda, kazi inaendelea. Kesho yake unakuta tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakijaguswa, tofauti na asidi inayokula vyote. Tahadhari tatu. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kinatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Fanya nje, maana ile hewa ni haidrojeni na inawaka. Na springi usiziweke kabisa, zinaweza kupoteza unyumbufu zikakatika.

Rangi sitaisema sana. Ya zamani huenda ina madini ya risasi, basi ikwangue ikiwa imelowa na uvae barakoa.

Umeme ndio uliokula pesa. Mota ilikuwa ya fezi tatu, nyumbani nina fezi moja. Nilifunga inverta, kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu, lakini kwanza nilisoma kibao cha mota kuhakikisha inaweza kuunganishwa kwa delta, mpangilio wa nyaya za ndani unaofaa kwa volti 230. Nyingine za zamani zimefungwa kwa mpangilio mwingine, wa nyota, tu kwa ndani. Faida ya inverta ni kwamba unapunguza kasi kwa kuzungusha kitufe. Hatari yake: chaki ya mashine hii inakaa kwa thredi, haina kufuli. Ukirudisha nyuma kwa nguvu, au ukiweka breki kali kwenye inverta, inajifungua yenyewe na kuruka. Breki nimeizima. Mkanda nao nilinunua ule wa vipande vya kuunganisha, ili nisilazimike kung'oa ekseli ya kichwa, ile inayozungusha chaki.

Baada ya hapo ni kusawazisha. Nilichonga fimbo nene bila kuiegemeza nyuma, nikapima ncha zote mbili. Zilitofautiana, maana yake kitanda kimejipinda juu ya miguu yake. Vipande vya bati chini ya mguu mmoja vilimaliza tatizo. Wengi hapa wangelaumu beringi na kuzinunua mpya bure.

Kero iliyobaki ni inchi. Kila alama ya gurudumu la mkono ni sehemu ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254, na skrubu ndefu inayosogeza kisu wakati wa kukata thredi ina thredi 8 kwa inchi. Kukata thredi ya milimita sawasawa kunahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4, na 127 ni mara tano yake. Gia hiyo haikuja na mashine, na bolti zetu nyingi ni za milimita. Ukiikuta Boxford ambayo gia hiyo ipo kwenye droo, ongeza bei bila kusita.

Kwa bushi, pini, puli na shafti fupi inanitosha, na uso inaoacha ni laini. Ngoma ya breki ya lori haipiti: kipenyo kinachopita ni inchi 9 hivi. Hiyo peleka kwa mwenye mashine kubwa ya Colchester.