BioFix kwenye maharagwe na soya: maoni yangu kutoka Mutuini

BioFix ni unga wenye bakteria hai, unaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Kwa soya, nunua bila kusita. Kwa maharagwe, itategemea shamba lako limepandwa nini miaka iliyopita. Na liwe zao lolote, chunguza kwanza duka unalonunulia, kwa sababu ndani ya pakiti hiyo unauziwa viumbe hai, na viumbe hai hufa.

Nalima kipande cha ardhi huku Mutuini, upande wa Dagoretti, ambako nyumba za kupangisha zimetuzingira lakini udongo mwekundu bado unazaa. Maharagwe yangu ni rosecoco na Nyota, na wateja wangu wakubwa ni akina mama wanaopika githeri Kawangware. Mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulipopita shilingi 6,000, niliacha kulalamika nikaanza kuuliza. Jirani yangu mmoja mzee, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya Kabete, akaniambia, "Mama, maharagwe yanajitengenezea mbolea yenyewe. Yape tu wafanyakazi wazuri." Ndiye aliyenitajia BioFix.

Ni unga mweusi, mwepesi, unaonukia kama udongo uliolowa. Ndani yake mna rizobia, yaani bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia. Bakteria hawa huingia kwenye mzizi, mzizi ukaota vinundu vya kuwahifadhi, nao wakaigeuza ile naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Mmea huwalipa kwa sukari. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hawa kutoka kwenye vinundu mwaka 1888, kwa hiyo si uvumbuzi wa juzi. Hapa kwetu kazi hiyo ilifanyika Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye MIRCEN, mradi wa utafiti wa vijidudu ulioanza mwaka 1977, na baadaye kampuni ya MEA ikapewa leseni ya kutengeneza na kuuza. Kinachowabeba bakteria ni masalia ya viwanda vya sukari, yale matope yanayobaki maji ya miwa yakishachujwa. Nalipenda hilo sana: uchafu wa kiwanda umepewa kazi shambani.

Mteja wangu mmoja aliposikia habari ya bakteria aliniuliza kama sasa namuuzia maharagwe ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni. Namwelewa. Tangu Baraza la Mawaziri liondoe marufuku ya GMO Oktoba 2022 na kesi zikafuata, kila neno lenye harufu ya maabara linawatia watu wasiwasi. Nilimjibu kwamba mbegu yangu haijaguswa jeni hata moja. Rizobia ni bakteria wa udongo. Wataalamu waliwachagua wachapakazi, wakawazalisha kwa wingi, basi. Bayoteknolojia ni pana kuliko mabishano ya GMO, na inaniuma kuona kitu safi na cha bei nafuu kama hiki kinaogopwa kwa sababu ya kesi isiyokihusu.

Sasa maduka, ambako ndiko ninako ugomvi. Pakiti ya kwanza niliiona kwenye agroveti moja katikati ya jiji, imepangwa kwenye rafu ya dirishani, jua la mchana likiipiga. Nilipomuuliza kijana wa duka kama inafaa kukaa hapo, alinijibu, "Mama, hiyo ni kama udongo tu, haiozi." Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa imekaribia na pakiti ilikuwa ya moto mkononi. Niliirudisha. Bakteria hawa hawavumilii jua wala joto kali, na mkulima anayeuziwa pakiti iliyokaangwa hivyo atapanda, atangoja, hataona kitu, kisha atawatangazia majirani kwamba BioFix ni utapeli.

Duka dogo karibu na soko la Dagoretti ndilo lililonifundisha mwenye duka anapaswa kuwaje. Yule mama aliinama akaitoa kwenye friji anamoweka chanjo ya kideri ya kuku, lakini kabla ya kunipa akaniuliza, "Unapanda zao gani, na lini?" Nikamwambia maharagwe na soya, mvua ikishika. Akasema, "Basi rudi mvua ikishika. Na utachukua pakiti mbili tofauti, ya soya haifanyi kazi kwenye maharagwe." Alikataa pesa yangu siku hiyo, na tangu hapo sinunui kwingine. Kila zao lina bakteria wake, na mwenye duka asiyekuuliza unapanda nini huyo mkimbie.

Kutumia si kazi. Mbegu unazimwagia gundi au maji ya sukari kidogo kwenye karai, unazigeuza hadi zing'ae, kisha unanyunyiza unga na kuendelea kugeuza hadi kila mbegu ivae koti jeusi. Unazianika kivulini, si juani, na unapanda siku hiyohiyo, ukifukia papo hapo. Usitumie mbegu zilizopakwa dawa ya kuua kuvu, zile za rangi ya waridi au kijani, kwa maana dawa nyingine huwaua na bakteria. Na usiweke CAN, mbolea ya naitrojeni, wakati wa kupanda: mmea ukipata naitrojeni ya bure hauhangaiki kuwalisha wageni.

Nilipanda mistari mingine kwa BioFix na mingine bila. Soya niliyoipanda kwenye kona ambayo haijawahi kuona soya ilinifungua macho. Mistari isiyo na kitu iligeuka manjano, majani yamesinyaa kama yanaomba msaada. Ile ya BioFix ilikuwa kijani kizito hadi wapita njia wakauliza nimeweka mbolea gani. Ilipoanza kutoa maua nilichimba shina moja kwa jembe uma, taratibu, nikaosha mizizi kwenye ndoo. Vinundu vilikuwa vimejipanga karibu na shina, vingine vikubwa kama punje ya mtama. Nikakata kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu, wekundu wa nyama mbichi. Rangi hiyo ndiyo dalili kwamba bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani ndani, kinundu kipo lakini hakuna kinachofanyika. Kwenye shina la mistari isiyo na BioFix sikupata vinundu vya kutaja.

Kwenye maharagwe habari ilikuwa nyingine. Sehemu ninayopanda maharagwe kila msimu na kutia samadi, tofauti ilikuwa ndogo sana, na vinundu vilikuwa pande zote mbili. Udongo ule tayari una rizobia wake wenyeji, nao huwashinda wageni kwa wingi. Kwenye kipande nilichokifungua upya, kilichokuwa na majani ya ng'ombe tu, BioFix ilionekana: maharagwe yalikolea kijani na maganda yakajaa. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba pakiti itaongeza mavuno kwenye kila shamba la maharagwe anakupotosha. Chimba kwanza shina moja la msimu huu, kata kinundu, uangalie.

Jambo jingine ambalo pakiti haiwezi kukufanyia ni kuleta fosforasi. Vinundu vinaihitaji kwa wingi, na udongo wetu mwekundu wa huku una tabia ya kuishikilia isifike kwenye mzizi. Mimi naweka TSP, mbolea ya fosforasi, kidogo kwenye mashimo, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Udongo ukiwa na asidi nyingi rizobia wanateseka, kwa hiyo kama hujawahi kupima udongo, anza hapo, na chokaa ikihitajika iwekwe mapema kabla ya mvua.

Bei, ukilinganisha na mfuko wa mbolea, ni ya kutupa. Shida yangu ni kwamba kwenye maduka niliyopita huku jijini pakiti ndogo ni adimu, na sisi wa vipande vidogo tunalazimika kununua unga unaobaki. Tumetatua kwa kununua pamoja, majirani wachache, na kupanda siku moja. Vuli hii tunachukua ya soya kwanza, na ya maharagwe kwa vipande vipya tu.