Linux Mint 22 kwenye laptopu isiyokubali Windows 11

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao mpaka leo umo katika kompyuta nyingi za majumbani. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, na ndiyo maana wenye nazo wengi hawakushtuka; hata hivyo, kasoro yoyote ya usalama inayogunduliwa baada ya tarehe hiyo hubaki bila kuzibwa, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa mtumiaji wa nyumbani uliwekewa kikomo cha Oktoba 2026.

Kuhamia Windows 11 kungekuwa jibu jepesi, lakini mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane au zaidi, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Sharti la prosesa ndilo linaloziengua laptopu kama HP EliteBook 840 G3, ambazo zilitumika maofisini ughaibuni kisha zikaletwa Afrika Mashariki kama mitumba. Zina prosesa za kizazi cha sita, nafasi mbili za RAM, na kibodi ambayo laptopu mpya za bei nafuu haziifikii. Mafundi wanajua namna ya kulikwepa sharti hilo, na Rufus, programu ya kuandika mfumo endeshi kwenye flashi, inarahisisha jambo hilo kwa kuweka alama kwenye kisanduku kimoja, ila Microsoft yenyewe inasema wazi kwamba mashine iliyolazimishwa hivyo haina uhakika wa kupata masasisho. Kwa kuwa masasisho ndiyo sababu nzima ya kuhama, naona njia hiyo inamrudisha mtu pale pale alipokuwa.

Nilichokifanyia tathmini ni Linux Mint 22, mfumo endeshi mwingine unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, toleo la Xfce, katika laptopu ya aina hiyo yenye RAM ya GB 8. Mint ulianza mwaka 2006 chini ya Clement Lefebvre, na mfululizo huu wa 22, uliotoka Julai 2024, umejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na utapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Unatolewa bure katika sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Cinnamon ndiyo yenye madoido zaidi, na Xfce ndiyo nyepesi kuliko zote. Watengenezaji wanasema RAM ya GB 2 inatosha kuuwasha na GB 4 inatosha kuutumia kwa raha. Kauli ya kwanza ni ya kweli mpaka pale utakapofungua kivinjari, kwa sababu tovuti za siku hizi hula kumbukumbu kuliko mfumo wenyewe. Mwenye GB 2 aongeze RAM kabla ya kufanya lolote lingine. Prosesa za biti 32 hazikubaliki tena.

Faili la kupakua lina ukubwa wa karibu GB 3, kwa hiyo anayetegemea bando la simu asubiri apate waifai ya uhakika. Baada ya kulipakua, lihakikishe kwa kulinganisha namba yake ya SHA256, ambayo hubadilika faili likiguswa hata kidogo, na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint. Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi siwashauri kuiruka, kwa kuwa mnamo Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Mint yenyewe na kuwaelekeza wageni kwenye nakala ya toleo la 17.3 iliyotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Isitoshe, faili lililokatika katikati kwa sababu ya mtandao dhaifu huleta makosa ya ajabu wakati wa kusakinisha, na utamlaumu fundi au diski bure.

Ukishaliandika faili hilo kwenye flashi, unaiwasha laptopu huku ukibonyeza Esc kisha F9, unachagua flashi, na Mint inawaka yote bila kugusa diski. Hapa ndipo ninapoupa mfumo huu alama za juu. Unaweza kukaa humo unavyotaka ukijaribu waifai, sauti, kamera, mwanga wa skrini na printa, kisha ukazima na kuikuta Windows yako kama ulivyoiacha. Kitu kikikataa humo, mara nyingi kitakataa hata baada ya kusakinisha, nawe utakuwa umejua mapema bila gharama. Katika mashine niliyoijaribu waifai ilishika mara moja. Laptopu zenye kadi za waifai za Broadcom huhitaji kuchaguliwa draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, katika kidirisha maalumu, na ni vizuri kuwa na waya wa mtandao karibu au simu ya kugawa intaneti kwa USB.

Kusakinisha kwenyewe ni kurasa chache za kuuliza lugha, kibodi, saa za eneo na jina la mtumiaji. Ukurasa mmoja tu ndio unaotaka utulivu, nao ni ule unaouliza kama Mint iwekwe kando ya Windows au diski nzima ifutwe. Chaguo la kufuta lina onyo chini yake, na halitanii. Picha za familia na vyeti vilivyoskaniwa viwe vimeshahamishiwa kwenye diski ya nje kabla hujafika hapo. Anayeweka mifumo miwili azime kwanza kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, kwa sababu kikiachwa, Windows haizimiki kikamilifu na Mint inaweza kukuruhusu kuyasoma mafaili yako tu bila kuyabadilisha. Asishangae pia akirudi Windows na kukuta saa iko nyuma kwa saa tatu: Mint huweka saa ya mashine kwa wakati wa kimataifa wa UTC, Windows huisoma kana kwamba ni wakati wa hapa kwetu. Amri moja ya timedatectl, inayoandikwa kwenye dirisha la amri la Mint, humaliza kero hiyo.

Kuhusu kasi, niseme jambo ambalo wauzaji wa kompyuta wanalijua ila hawalisemi sana. Sehemu kubwa ya uzito unaolalamikiwa katika laptopu hizi unatokana na diski ngumu ya kuzunguka, wala si prosesa. Mint katika diski ya namna hiyo ni nyepesi kuliko Windows 10, lakini kivinjari bado kitachukua muda kufunguka na utasikia diski ikikwaruza. Ukibadilisha na kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka, hata ya GB 240, mashine inabadilika kabisa: inawaka upesi, programu ya uandishi inafunguka bila kukupa nafasi ya kwenda kuchukua chai, na folda yenye picha nyingi haigandi. Baada ya kuwaka bila kufungua chochote, Xfce inatumia RAM isiyofika GB 1. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo ambaye tayari ana RAM ya GB 4 au zaidi anunue SSD kwanza, RAM baadaye.

Matumizi ya kila siku hayahitaji mafunzo. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na karibu na saa kuna ngao ndogo inayoonyesha kama kuna masasisho. Tofauti na Windows, hakuna kinachoanza kujipakua au kuwasha upya mashine ukiwa katikati ya kazi. Ngao inakuarifu, nawe unaamua ni lini bando litumike. Kabla ya masasisho makubwa, programu ya Timeshift inaweza kuhifadhi hali ya mfumo ili urudi nyuma pakiharibika, ingawa lazima uiwashe mwenyewe, na haihifadhi nyaraka zako isipokuwa umeiagiza. Duka la programu ni zuri, ila angalia ukubwa kabla ya kubonyeza: programu ileile inaweza kuwapo kama kifurushi cha kawaida cha megabaiti chache na pia kama Flatpak, kifurushi cha aina nyingine kinachovuta mamia ya megabaiti za ziada mara ya kwanza. Kwa bando letu, chagua ya kawaida inapowezekana.

Udhaifu upo, na kwa baadhi ya watu ni mkubwa kiasi cha kuwazuia. Microsoft Office na programu za Adobe hazisakinishwi humu kwa njia ya kawaida. LibreOffice, programu za ofisi za bure zinazokuja na Mint, inafungua nyaraka za Word na Excel vizuri, na zile zilizoandikwa kwa Calibri au Cambria hupangika sawa kwa sababu fonti za Carlito na Caladea zilichongwa kwa vipimo vilevile. Aptos, fonti ambayo Office mpya huanza nayo, haina mbadala wa namna hiyo, hivyo barua ya ukurasa mmoja inaweza kumwagikia ukurasa wa pili. Lahajedwali zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, ndizo mbaya zaidi. Mhasibu anayeishi ndani ya makro za Excel, au mwenye duka anayetumia programu ya hesabu ya Windows pekee, asihame. Ajiandikishe katika mpango wa nyongeza wa Windows 10 na aanze kuweka akiba ya mashine nyingine.

Printa ni bahati nasibu. Zile za mtandao za miaka ya karibuni hujitambulisha zenyewe, lakini printa ya zamani ya leza niliyoiunganisha kwa waya wa USB ilikataa katakata kwa kukosa draiva, na nililazimika kuchapisha kwa njia nyingine. Visoma alama za vidole vya laptopu za umri huu navyo vingi havifanyi kazi, kwa hiyo utaandika nywila kila mara.

Kwa mwanafunzi, mstaafu, au nyumba ambayo kompyuta yake ni ya kivinjari, barua, filamu na kazi za shule, naipa Mint Xfce alama nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyobaki imechukuliwa na printa. Anayetumia kompyuta kwa kazi inayomlipa mshahara aiweke kando ya Windows kwanza, aache angalau GB 40 kwa ajili yake, na asifute chochote mpaka awe amefunga hesabu za mwezi mzima akiwa ndani ya Mint.