Kakapel: mchora matatu aenda kuona rangi isiyobanduka

Mimi huchora matatu hapa Kisumu, kwa hiyo niliposikia kuna rangi iliyokaa mwambani tangu enzi za mababu huko Kakapel, kaunti ya Busia, ilibidi nikaone. Gari la Malaba, nikashukia Amagoro, nikamalizia kwa boda. Kwenda mia tatu, kurudi jamaa akataka mia tano “kwa sababu ya kilima”. Patana mapema.

Usitarajie pango la giza. Ni jabali lililoinama kama baraza. Unainua shingo, unakutana na miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe, na ng'ombe. Nilikodolea ile nyekundu hadi shingo ikauma. Yangu mimi hupauka kabla ya Krismasi mbili!

Usiguse. Wafaransa walifunga pango lao la Lascaux mwaka 1963 kwa kuwa pumzi za wageni ziliharibu michoro; leo mgeni huonyeshwa nakala. Hapa unaona kazi ya mkono wenyewe.

Tena wataalamu walichimba hapo wakapata kunde za miaka kama 2,300. Nilicheka peke yangu: mama watoto alikuwa amenifungia ugali kwa kunde.