Fences ya August Wilson: nimesoma kitabu, nimetazama filamu

Karibuni tena, ndugu zangu watazamaji. Leo mezani nina vitu viwili: kitabu hiki chembamba cha tamthilia, na diski ya filamu yake ya 2016. Tamthilia na muswada wa filamu vyote ni kazi ya August Wilson, na filamu ilitoka yeye akiwa ameshafariki miaka 11.

Wilson alizaliwa 1945 huko Pittsburgh, Marekani, mtaa wa Hill District. Alipokuwa na miaka 15, mwalimu alimtuhumu kwamba insha yake ya Napoleon si yake. Akaacha shule bila mama yake kujua, akawa anashinda maktaba. Mwaka 1965 akanunua taipureta kwa dola 20. Hatimaye akaandika tamthilia 10, kila moja na muongo wake wa karne ya 20. Tuzo ya uandishi ya Pulitzer alichukua mara mbili: 1987 kwa hii Fences, na tena 1990.

Sasa, Troy, mhusika mkuu, ni mzoa taka. Ujanani alikuwa hodari wa besiboli, na anaamini kabisa ni rangi yake iliyomfungia ligi kuu. Mkewe, Rose, anataka wajenge ua. Kiswahili chetu hapa kinatubeba: ua ni ule uzio, na ua ni pale ndani penyewe, ambapo karibu mchezo mzima unapita.

Ijumaa moja Troy anamkabidhi Rose mshahara, dola 76 na senti 42, na anajua zitakazomrudia mfukoni ni 6 tu. Ndoa nzima unaiona kwenye hizo senti!

Halafu Viola Davis, anayeigiza Rose kwenye filamu. Rose anapomkabili mumewe, machozi na kamasi vinamtiririka na hafuti. Nimerudia pale mara nne. Oscar ile ilikuwa haki yake.

Wilson alishikilia kwamba muongozaji lazima awe Mweusi, filamu ikakaa miaka mingi bila kutengenezwa, hadi Denzel Washington akaiongoza na kuigiza Troy. Kasoro ninayoiona ni mwanga ule wa mwisho: umetiwa chumvi. Wengine wanalalamika maneno ni mengi; mimi nasema maneno ndiyo tuliyoyafuata.

Anzeni na kitabu. Kiingereza chao cha mtaani ni kizito, kwa hiyo kwenye filamu washeni maandishi ya chini, hasa Troy anapomjibu mwanawe Cory aliyemuuliza kwa nini hampendi.